Mapambo Niliyoyamwaga

Wajukuu zangu wakiamua kupunguza vipodozi vyao huvimwaga vyote kitandani, kisha wakaanza kuchagua: hiki kimekauka, hiki apewe fulani, hiki siachi hata kwa bunduki. Hucheka na kurushiana. Mimi vyangu nilivichagua mara moja tu maishani, na nilivichagua kwa mchi wa kinu.

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini. Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, Mombasa imejaa askari na meli, na mume wangu alikuwa serahangi, msimamizi wa makuli waliokuwa wakipakua shehena, leo Kilindini, kesho gati ya Mbaraki. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele na kupiga watu, na yote mawili aliyafanya kwa moyo mmoja. Balaa langu ni kwamba akirudi nyumbani alikuwa bado hajachoka.

Tulikaa Kibokoni, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye uwa nyuma, watu watatu tu: yeye, mimi, na mavyaa wangu, mama aliyemzaa. Mavyaa alikuwa mjane wa miaka mingi, mwembamba, msafi kupindukia, na alitafuna tambuu kutwa. Hakuwahi kunitukana. Mimi nikianza kupigwa, yeye huingia chumbani kwake akafunga mlango. Kukishakuwa kimya hutoka na maji ya moto na kitambaa, akanikanda kwa mkono mwepesi, bila kusema neno. Alikuwa fundi wa kukanda. Nilimchukia kwa sababu ya ule mlango.

Mapambo yangu yalikuwa mengi kuliko ya mwanamke yeyote mtaani, na sikununua hata moja. Mume wangu alikuwa na tabia ya kupiga kwanza na kuleta zawadi baadaye. Mabaharia walimpa vitu vizuri vizuri kutoka melini, vingine alivichukua kwa Mabohora wenye maduka, na vyote vikaingia katika sanduku langu la njumu za shaba. Majirani walinionea wivu hadharani. Mabibi harusi walituma watu kuja kuazima. Hawakujua kwamba mimi vitu vile nilivitambua kwa majeraha. Chupa kubwa ya marashi ya Bombay ilikuwa ubavu wangu wa kushoto. Kopo la poda lenye picha ya mwanamke wa Kizungu lilikuwa jino hili la pembeni ambalo sinalo mpaka leo. Rangi ya midomo ilikuwa mdomo wenyewe: aliupasua, kisha akaniletea rangi nzuri, akasimama mbele yangu akitaka niipake juu ya kidonda. Na mrashi wa fedha, ule wa shingo ndefu wa kuwanyunyizia wageni, ulikuwa mimba yangu ya kwanza. Huo sikuutia marashi hata siku moja.

Kuachwa kwangu kulitokana na poda hiyo hiyo. Niliipaka kwa vile yeye alipenda niipake, akaingia akanikuta dirishani, akauliza nimejipamba kwa ajili ya nani. Nilimwambia kwa ajili yako. Alisema muongo mimi, akachukua fimbo yake ya henzirani. Alinipiga kuanzia dirishani mpaka chini ya ngazi, na pale chini, akihema, akanipa talaka moja. Sikio langu moja lilikuwa likivuma, lakini la pili lilisikia vizuri sana. Nilikuwa nimelala sakafuni na damu puani, na nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Furaha hiyo niliifanyia haraka. Talaka moja kwetu si mwisho wa mambo. Mwanamke hubaki nyumbani kwa mume mpaka eda yake iishe, yaani mpaka aione hedhi ya tatu, na muda wote huo mume anaweza kumrejea kwa neno moja tu, mke apende asipende. Hakuna mahari mapya wala kadhi wala wa kumuuliza. Eda ikiisha bila ya neno hilo, ndio basi. Akimtaka tena itabidi aende kwa babake kuposa kama mgeni. Baba yangu alikuja, akatazama uso wangu, akalia mbele yangu mtu mzima yule. Akasema, “Maliza eda yako salama, mwanangu. Ukitoka hapa sitampa tena, hata aje na mji mzima. Lakini akikurejea kabla, mimi sina la kusema.”

Mjane akikaa eda huvua mapambo yote. Mwanamke aliyeachwa talaka moja mambo yake ni kinyume, ndivyo walivyotufunza wakubwa: yeye huhimizwa ajipambe, apake wanja, ajifukize udi, ili moyo wa mume umrudie. Mume wangu aliyajua hayo na akayageuza kuwa mtego. Alihamia chumba cha chini kama ilivyo sheria, na kutoka huko chini akaniambia kwa sauti ya kuamuru makuli, “Sikurejei bure. Siku n'takayokuona umejipamba, n'tajua waniomba. Siku hiyo hiyo n'takurejea.”

Alitaka niombe. Alikuwa na hakika nitaomba, maana mwanamke gani mwenye sanduku kama lile angekaa kama kinyago? Basi kila kitu mle ndani kilikuwa ombi lililokwisha kuandaliwa, kilichobaki ni mimi kukigusa. Niliona haitoshi kutojipaka. Mkono wa mtu husahau. Mtu huamka asubuhi akajipaka wanja kabla hajakumbuka amekasirika. Nilitaka nyumba ile isiwe na kitu cha kunipamba.

Asubuhi moja, mume yuko kazini na mavyaa ameenda matangani, nilipandisha kinu ghorofani. Mwenye eda hatoki nje, kwa hivyo kila kitu ilibidi kife humo humo. Nilitandika mkeka, nikamwaga sanduku lote. Vidude vilibingirika mpaka mlangoni, navyo nikavifuata kwa magoti. Nilianza na kopo la poda. Nililiponda mpaka yule mwanamke wa Kizungu akakunjamana na mimi nikawa mweupe kutoka utosini mpaka magotini, nakohoa. Rangi ya midomo niliisaga pamoja na dalia, ule unga wetu wa manjano wa kunukia, na vikawa tope la rangi ya usaha. Chupa za wanja nilizivunja moja moja. Kigae kimoja kiliingia kwenye kiganja, nikakitoa kwa meno nikaendelea. Mrashi wa fedha ulikataa kuvunjika. Niliupiga, niliupiga, ukapinda shingo, ukalala ubavu, na mimi nikajikuta nalia kwa sauti kubwa na kuutukana matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Sijui jirani walidhani nini. Pengine walidhani ni siku kama zile nyingine.

Nilikuwa na nguvu siku ile. Nilitamani mle kinuni mngekuwa na mikono yake.

Vyote nikavitia katika karai nikavimwaga chooni, na chupa zote za marashi juu yake, na udi, na liwa, na hata sabuni ya kunukia. Nikafua mkeka, nikarudisha kinu mahali pake, nikajifunga leso niliyokuwa nikikatia samaki. Nilijiona mjanja kweli. Sikufikiri kwamba choo hakina siri. Mavyaa alirudi, akaingia humo, akakaa kidogo, akatoka ameshika pua.

“Ee mwanangu,” akasema, “mbona chooni mwanukia harusi?”

Alipanda juu akafungua sanduku, akaliona li tupu. Nilitarajia kelele. Badala yake aliketi kitandani mwangu, uso umempauka, kama aliyeletewa habari ya msiba. Akaniuliza polepole, “Hedhi ya pili ushaona?” Nikasema ndiyo. “Na ya tatu?” Nikasema naingoja siku yoyote. Akalifunga sanduku, akalifungua tena, na mimi nikadhani ni uchungu wa mama kwa mali ya mwanawe iliyomwagwa.

Tangu siku hiyo aliniandama. Alileta kijichupa chake cha wanja cha ujanani. Alileta asumini akazitawanya juu ya mto wangu, nikazitupa dirishani. “Jipake japo wanja, mwanangu. Mato yako yamekuwa kama ya mgonjwa.” Nikamwambia mimi ni mgonjwa kweli, na ugonjwa wangu ni mwanawe. Alisogea akanishika mkono akataka kuninyunyizia mafuta ya waridi, nikamsukuma akaangukia mlango. Aliinuka, akatengeneza leso yake. Alikuwa na namna ya kuinuka haraka sana, kwa mtu wa umri wake.

Kisha wakaja watatu. Nilikuwa nimelala mchana, jua kali, nikashtuka nimekaliwa. Dadake mavyaa, mwanamke mwenye mwili, alikuwa amekaa juu ya magoti yangu. Jirani wa ng'ambo alikuwa amenipinda mikono juu ya kichwa na kuikandamiza kwa uzito wake wote. Na mavyaa alikuwa amepiga goti kando ya kitanda na bakuli la hina.

Nilipiga mayowe. Dadake alinitia leso mdomoni. Nilimuuma jirani mkononi mpaka nikasikia ladha ya chumvi, naye akanizaba kofi bila kuniachia. Nilirusha teke, bakuli likayumba, likadakwa. Mavyaa akaendelea. Watu humpaka mtu hina kwa nyimbo na vicheko. Mimi nilipakwa kama anavyochinjwa mbuzi. Alichora kwa kijiti, maua na majani, mkono umetulia kabisa, na huku machozi yakimtiririka. Nilipofumbua vidole aliweka hina, nilipovikunja dadake alivikunjua kimoja kimoja, na kimoja kikaalika. Walinikalia mpaka ikakauka. Viganja, vidole, nyayo. Sikuwahi kupambwa vizuri vile.

Walipotoka mavyaa alisema, “Nisamehe, mwanangu.” Nilimtemea mate. Yalimpata shavuni, akayafuta.

Hina si poda, haipanguswi. Ikishashika ngozi hukaa mpaka ngozi yenyewe ichoke, na mume wangu angerudi jioni. Nilisugua kwa kumbi la nazi, nikasugua kwa mchanga wa kuoshea masufuria. Yale maua yakazidi kuniangalia. Ndipo nikakiona kijaluba cha chokaa cha mavyaa, ile anayopaka kwenye tambuu. Nilijua chokaa hula mdomo wa mtu akizidisha, nikasema basi na ile ngozi, yote iende. Nilijipaka chokaa viganja vyote, nikasugua kwa kumbi.

Iliniunguza mpaka mifupani. Nilijifungia chooni, mle mlimokuwa mkinukia harusi, nikauma leso na kusugua mpaka ngozi ikaanza kutoka vipande. Kisha nikamwaga maji, nikatazama.

Hina ilikuwa imekolea. Ile rangi nyekundu ilikuwa imegeuka nyeusi, nyeusi ya kung'aa, kama ya bibi harusi wa siku saba. Mimi maishani mwangu nilikuwa nimepambwa tu, sijawahi kupamba. Sikujua kwamba wapambaji wa mji huu, wakitaka hina ikolee, hutumia chokaa. Nilipofungua mlango mavyaa aliitazama mikono yangu, imevimba, inavuja damu katikati ya maua meusi, na hata yeye akaziba mdomo. Nilicheka. Nilicheka hadi nikatapika.

Jioni, nikiwa chumbani, mume wangu akaja. Nilisikia ngazi zikilia, na sauti ya mavyaa ikimwita apande, “Ndoo umtazame mkeo.” Alisimama mlangoni. Nilificha mikono nyuma, lakini nyayo sikuweza kuzificha. Alitazama chini, akaona, na uso wake ukalegea kwa furaha kama mtoto.

“Kumbe,” akasema. “Kumbe waniomba.”

“Siombi,” nikasema. “Nilikaliwa nikapakwa kwa nguvu. Muulize mamako.”

Nikamwonyesha mikono. Damu ilikuwa ikidondoka sakafuni. Alichukua muda kuelewa, na alipoelewa kwamba ile furaha yake nimeiona, hakunisamehe. Alinipiga ngumi ya kifua nikaangukia sanduku tupu. Akaniinua kwa nywele, akanipiga tena, na mara hii nilisikia kitu kikivunjika ndani ya pua. Mavyaa alimshika mkono. Siku zote hufunga mlango, siku ile alimshika mkono, akasema, “Mwanangu, mtu hawezi hata kusimama, muache.”

Mume wangu akamgeukia mamake. Nilikuwa chini, niliona vizuri. Kabla mkono haujainuka, mavyaa alikuwa ameshainamisha kichwa upande wa kushoto na kuukunja mkono wake kuziba sikio. Hakushangaa. Mimi mwaka wangu wa kwanza sikujua kufanya vile. Ilinichukua muda mrefu kujifunza kwamba mkono wake huja upande ule. Kofi likatua pale pale alipopatayarisha. Mavyaa akaanguka bila sauti, akakusanya miguu tumboni akangoja la pili.

Nilielewa kila kitu kwa mara moja.

Mume wangu alinisimamia. “Sasa sikiza,” akasema. “Wataka hutaki, mbele ya mama huyu, mimi nime...”

“Usijitie aibuni,” mavyaa akasema kutoka sakafuni. “Eda yake imekwisha.”

Akageuka kumtazama mamake.

“Tangu alfajiri. Nguo yake nimeifua kwa mikono yangu. Damu nimeiona kwa mato yangu.”

“Mbona umempaka hina basi?”

“Nilitaka abaki. Nilijua wewe hujui kwamba imekwisha.”

Alinitazama mimi. Nilimtazama bila kupepesa. Mwanamume yule aliyewapiga makuli mbele ya manahodha alishindwa na habari ya nguo ya hedhi. Aliufuta mkono wake kwenye shuka, ule aliokuwa amenishikia nywele, akateremka uwani. Tulimsikia akipiga teke ndoo.

Mavyaa aliinuka haraka. Akanivika buibui juu ya ile leso ya samaki, akanifunga shungi kuficha pua, vidole vyake vikienda mbio. “Toka sasa, kabla hajafikiri. Nenda kwa babako.”

Nilimnong'oneza, “Mama, si kweli. Sijaona kitu.”

“Najua.” Akanifunga kifundo cha mwisho. “Kabla hujaja wewe nilikuwa mimi. Babake alipokufa akaniwata, yeye akashika zamu ya kupiga. Tangu akuoe hajanigusa. Nalifunga ule mlango nikasema alhamdulillahi, si mimi. Kila mara. Ndipo nikaja nikakukanda.”

Nilitaka kumtemea mate tena na nilitaka kumkumbatia, na sikujua kipi kitangulie. Nikamshika mkono kwa ile mikono yangu iliyobambuka. Nikamwambia twende sote, baba yangu atamweka, chumba kipo.

“Wewe umeachwa,” akasema. “Yule ni mwanangu. Mimi nitakaa eda gani hata nitoke kwake?”

Akanitoa nje kwa mlango wa mbele.

Hedhi yangu ilikuja nyumbani kwa baba, siku chache baadaye, na lile neno mume wangu hakuwa amelimaliza. Kwa hivyo nilitoka mikononi mwake kihalali, na wala hakuna mtu aliyepata kuniuliza zaidi. Lakini jioni ile sikuwa na habari ya hayo. Nilikuwa nashuka kichochoro, nyayo zangu za bibi harusi zimewaka moto ndani ya makubadhi, watu wakinipisha kwa sababu ya harufu ya samaki. Sikuwa nimefika mbali. Nyuma yangu nilisikia sauti yake ikipanda, ikiuliza niko wapi, kisha nikasikia kofi. Nalijua lile kofi hata ndani ya usingizi.

Nikasema alhamdulillahi, si mimi. Nikakaza mwendo.